Mtunzi wa dua ya taifa aliyezikwa kwa jina moja

Siku nane kabla ya sherehe za Muungano kuna kumbukumbu isiyo na gwaride wala hotuba. Tarehe 18 Aprili 1905, Enoch Mankayi Sontonga alifariki Johannesburg. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Methodisti, mhubiri na kiongozi wa kwaya. Umri wake ulikuwa miaka 30 na ushei. Tumbo lilimshika, kidole tumbo kikapasuka, basi. Dua aliyoiacha, ambayo leo ni wimbo wetu wa taifa, ndiyo inayosimamisha uwanja mzima tarehe 26, kuanzia Rais hadi muuza karanga, na ndiyo ambayo watoto wetu huiimba kwenye paredi ya asubuhi kabla ya kukaguliwa kucha.

Mengi tunayoyajua juu yake yalikusanywa na serikali ya Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ilipokuwa ikilitafuta kaburi lake. Ndiyo maana hadithi ya mtu huyu ina habari nyingi za makaburini kuliko za darasani.

Alizaliwa mnamo 1873 Uitenhage, Rasi ya Mashariki, akiwa Mxhosa. Alipata ualimu, akapelekwa kufundisha Nancefield, karibu na Johannesburg, mji ambao dhahabu ilikuwa imeuotesha kama uyoga. Waafrika waliofuata kazi migodini walikutana huko na pasi, fimbo na vibanda. Mwaka 1897 Sontonga aliwaandikia wanafunzi wake ubeti mmoja na kiitikio, akiuita Nkosi Sikelel' iAfrika. Muziki aliuandika kwa nota za do-re-mi, kama walivyofundishwa walimu wa kwaya wa misheni. Wapo wanaosikia ndani yake utenzi wa Aberystwyth wa Joseph Parry wa Wales. Huenda ni kweli. Kwaya za Methodisti zililelewa na tenzi za namna hiyo, na hakuna la kumwonea haya mwalimu.

Maombi yenyewe yalikuwa ya Kikristo waziwazi. Yanamsihi Bwana aibariki Afrika na asikie sala za watu wake, kisha kiitikio kinamwita Roho Mtakatifu ashuke. Mara ya kwanza yaliimbwa hadharani mwaka 1899, Mchungaji Boweni alipokuwa akibarikiwa. Kwa hiyo wimbo huu ulitoka kanisani, siku mchungaji Mwafrika alipowekewa mikono, miaka mingi kabla ya chama chochote cha siasa kuuimba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kwaya ya shule ya Ohlange, ya John Dube, iliuimba kwenye matamasha. Tarehe 8 Januari 1912, huko Bloemfontein, uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London mwaka 1923, na miaka miwili baadaye ANC wakaufanya wimbo wao rasmi. Mwaka 1927 mshairi S.E.K. Mqhayi akaongeza beti saba, na hapo dua ikapanuka: akawaombea machifu, watumishi wa umma, vijana, wanawake, wachungaji wa makanisa yote, kilimo na mifugo, elimu na umoja. Ilikuwa orodha ya mtu anayelijua taifa kwa kulitembelea nyumba kwa nyumba.

Sontonga hakuyaona hayo, na mkewe, Diana, aliyaona kwa mbali. Inaelezwa kwamba baada ya mumewe kufariki, viongozi wa kwaya walikuwa wakija kwake kuazima nyimbo. Mwishowe aliuza haki za wimbo huu kwa peni sita. Wazee wetu wangeziita sumni. Mama huyo alifariki mwaka 1929, wakati wimbo alioutoa kwa sumni umeshakuwa wa chama kizima.

Nyimbo nyingine za Sontonga zilikuwa kwenye daftari. Daftari liliazimwa na huyu, likachukuliwa na yule, hadi likaangukia kwa ndugu mmoja wa ukoo, bibi wa Soweto aliyejulikana mtaani kama Bibi wa Ndondi kwa kuwa hakukosa pambano hata moja la ngumi. Bibi akafariki karibu na wakati ule ule ambao kaburi la Sontonga lilikuwa likitangazwa kuwa urithi wa taifa. Daftari halikupatikana. Mtu hujiuliza ni nyimbo ngapi za toba, za mavuno na za watoto zilizopotea pamoja nalo.

Kulipata kaburi nako kulikuwa kazi. Tangazo la kifo katika gazeti la Imvo Zabantsundu lilithibitisha kwamba alifia Johannesburg, na msako ukaelekea makaburi ya Braamfontein. Maofisa walipekua rejesta kwenye herufi S. Hakuna Sontonga. Wakarudia, hakuna. Hatimaye ikaonekana kwamba katika sehemu waliyotengewa Wakristo Waafrika, karani alikuwa ameandika jina moja tu: Enoch. Katika mji ule wa 1905, kuuliza jina la ukoo la Mwafrika kulihesabiwa kazi ya ziada, na uvivu huo wa kalamu ulimficha mtunzi wa wimbo wa bara kwa karibu miaka 90. Tarehe 24 Septemba 1996, Rais Nelson Mandela alizindua mnara mahali hapo, na mjukuu wa Sontonga akapokea nishani kwa niaba ya babu yake.

Kwetu dua iliwahi kupanda cheo kabla ya huko ilikozaliwa. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Tanganyika iliingia na muziki wa Sontonga kama wimbo wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili, na baada ya Muungano wa 1964 jina la Tanzania likachukua nafasi ya Tanganyika. Maneno yetu hayamtaji Roho Mtakatifu wala Yesu, na ndivyo ilivyopasa. Nchi yenye misikiti Kilwa na Ujiji isingeweza kupewa kiitikio cha kanisani ikaambiwa kiimbe. Kilichobaki ni Mungu, ambaye shehe na padri humtaja bila kugombana, na wanaoombewa: viongozi kwanza, halafu wanawake, wanaume na watoto.

Hapo kwenye viongozi nina neno. Kuna wanaouimba ubeti ule kama vile ni shangwe ya kuwapongeza wakubwa. Sontonga na Mqhayi walikuwa wakiwaombea watu waliokuwa chini ya sheria za kikoloni, na hakuna anayemwombea hekima mtu aliyekamilika. Kiongozi anayesimama wima wimbo ukipigwa anaombewa mbele ya macho yake, na angefanya vyema kusikiliza.

Wapigania uhuru wa ANC walipofika kambini Kongwa miaka ya 1960, na baadaye shuleni Mazimbu, Morogoro, waliukuta wimbo ambao kwao ulikuwa wa chama kilichopigwa marufuku ukipigwa hapa na serikali. Hilo pekee lingetosha kuandikiwa kitabu.

Yaliyofuata yanajulikana. Zambia iliuchukua muziki mwaka 1964 na kuupa maneno mengine. Zimbabwe iliuimba tangu 1980, ikauacha mwaka 1994, mwaka ule ule Afrika Kusini ilipoufanya wimbo wa taifa sambamba na ule wa makaburu. Nyimbo hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1997, ukatoka mmoja wa lugha tano.

Sisi tumebaki na muziki na dua pamoja. Ila kwenye zile beti za Mqhayi kuna jambo moja ambalo halikuvuka Limpopo: mashamba na mifugo. Nchi iliyohubiriwa tangu uhuru kwamba kilimo ni uti wa mgongo inawaombea viongozi wake kila asubuhi, mkulima na ng'ombe wake hawamo. Siku mtu atakapopeleka bungeni hoja ya ubeti wa tatu, pa kuanzia ni hapo.