Huoza wapi?

Lebo ya "huoza" imebandikwa kwenye plastiki zisizofanana hata kidogo. PLA, itokanayo na wanga wa mahindi, huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Ukiitupa mtaroni, itakaa. PHB, iliyogunduliwa na Maurice Lemoigne mwaka 1926, ni habari nyingine: bakteria waliolishwa asidi za makombo yaliyochachushwa, wakipungukiwa naitrojeni, hujaza vichembe vyake miilini mwao kama akiba ya mafuta, na vijidudu vya udongoni huila. Ni ghali, ndiyo. Wengine watasema mnunuzi hahitaji darasa la kemia. Hahitaji, lakini "huoza" bila mahali wala muda ni tangazo la biashara tu.