Ujira wa Mfanyakazi na Mkate wa Kila Siku: Historia ya Mjadala wa Kima cha Chini cha Mshahara katika Migahawa ya Marekani

Utangulizi

Tarehe 29 Novemba 2012 wafanyakazi wapatao 200 wa migahawa ya vyakula vya haraka katika jiji la New York waliacha kazi na kusimama barabarani. Walidai mambo mawili: walipwe dola 15 kwa saa, na waruhusiwe kuunda chama cha wafanyakazi pasipo kutishwa. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani kilikuwa dola 7.25 kwa saa, hivyo watu hao walikuwa wakidai zaidi ya maradufu ya kiwango hicho. Wengi waliwacheka. Hata hivyo, kabla ya miaka kumi na miwili kutimia, yaani tarehe 1 Aprili 2024, sheria ya jimbo la California ilianza kuyalazimisha makampuni makubwa ya migahawa hiyo kulipa dola 20 kwa saa.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi njia iliyopitiwa hadi kufika hapo, na kutafakari ni nini mchungaji na mwanafunzi wa theolojia wanaweza kujifunza kutokana nayo. Hoja yetu ni kwamba mjadala huu umebeba maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni la hesabu: je, sheria ikipandisha ujira, watu wengine watapoteza kazi? La pili ni la imani na maadili: je, ujira ni bei tu ya bidhaa iitwayo kazi, ama ni mkate wa mtu na nyumba yake? Swali la kwanza linahitaji uchunguzi, na Kanisa halina ufunuo wa pekee juu yake. Swali la pili Kanisa haliwezi kulinyamazia.

Chimbuko la sheria za kima cha chini

Sheria za namna hii hazikuanzia Marekani. New Zealand ilipitisha sheria ya usuluhishi wa migogoro ya kazi mwaka 1894, na koloni la Victoria huko Australia likaanzisha bodi za mishahara mwaka 1896. Uingereza ilifuata mwaka 1909. Katika nchi hizo waliofikiriwa kwanza walikuwa wale wasio na nguvu ya kujipigania, hasa wanawake walioshona nguo kwa malipo duni sana.

Sauti ya Kanisa ilikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba makubaliano ya hiari kati ya mwajiri na mwajiriwa hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwa maana mtu mwenye njaa hukubali lolote. Padre John A. Ryan wa Marekani aliliendeleza fundisho hilo katika kitabu chake juu ya mshahara wa kutosheleza maisha, kilichotoka mwaka 1906. Kwa upande wa Waprotestanti, Baraza la Shirikisho la Makanisa lililoundwa mwaka 1908 lilitangaza tamko la kijamii ambalo, pamoja na mambo mengine, lilitaka mshahara wa kutosheleza maisha uwe ndio kiwango cha chini katika kila kazi ya viwanda.

Jimbo la kwanza la Marekani kutunga sheria kama hiyo lilikuwa Massachusetts, mwaka 1912. Sheria yake ilihusu wanawake na watoto, wala haikuwa na adhabu kali: mwajiri aliyekaidi alitangazwa jina lake magazetini tu. Majimbo mengine yalifuata. Lakini mwaka 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha sheria ya mji mkuu wa Washington. Jaji George Sutherland, aliyeandika hukumu ya walio wengi, aliona kwamba kwa kanuni hakuna tofauti kati ya kuuza kazi na kuuza bidhaa. Hapo ndipo swali letu la pili lilipowekwa wazi kabisa, na jibu la mahakama likawa kwamba kazi ya mtu ni kitu cha sokoni.

Jibu hilo lilidumu kwa miaka kumi na minne. Elsie Parrish, mtumishi wa vyumba katika hoteli moja ya mji wa Wenatchee, jimbo la Washington, alidai tofauti kati ya alicholipwa na kile alichostahili kwa sheria ya jimbo lake. Tarehe 29 Machi 1937 mahakama ile ile, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilimpa haki yake. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes alieleza kwamba mwajiri anapomlipa mtu chini ya mahitaji yake ya kuishi, pengo hilo halipotei, bali huangukia jamii nzima kwa njia ya kodi. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba ujira ni siri ya watu wawili tu.

Sheria ya mwaka 1938 na wale waliosahauliwa

Mwaka uliofuata, chini ya Rais Franklin Roosevelt na Waziri wa Kazi Frances Perkins, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya viwango vya haki vya kazi. Kima cha chini kiliwekwa senti 25 kwa saa. Ilikuwa hatua kubwa, lakini sheria hiyo iliwagusa takriban moja ya tano tu ya wafanyakazi wote. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje, na wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Watumishi wa migahawa nao waliachwa.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo biashara ya vyakula vya haraka ilipoanza kukua. Ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walifungua mgahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940, na mwaka 1948 wakaupanga upya kwa mfano wa kiwanda: kila mtu na kazi yake moja ndogo, nyama huyu, viazi yule. Mwaka 1955 Ray Kroc alifungua mgahawa wake wa kwanza kwa jina hilo huko Des Plaines, Illinois, na utaratibu huo ukaenea. Kazi iligawanywa hata yeyote aliweza kuifunzwa kwa muda mfupi, na kwa sababu hiyo yeyote aliweza kubadilishwa na mwingine. Mtu anayebadilishwa kwa urahisi hana sauti kubwa mbele ya mwajiri wake.

Tarehe 28 Agosti 1963, katika maandamano makubwa ya Washington ambapo Mchungaji Martin Luther King alihutubia, moja ya madai lilikuwa kima cha chini cha dola 2 kwa saa kwa nchi nzima. Dai hilo husahauliwa, ingawa hotuba yenyewe inakumbukwa duniani kote. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1966, Bunge liliirekebisha sheria ili iwafikie wafanyakazi wengi wa migahawa, hoteli, hospitali na mashamba. Mwaka 1968 kima cha chini kilifika dola 1.60, na kwa kuzingatia kupanda kwa bei, hicho ndicho kiwango cha juu zaidi kilichopata kuwa na nguvu ya kununua. Mwaka huo huo, tarehe 4 Aprili, King aliuawa mjini Memphis alipokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliokuwa kwenye mgomo.

Mjadala wa siku zetu

Tangu Julai 2009 kima cha serikali kuu kimebaki dola 7.25. Ndiyo maana madai yalihamia kwenye miji na majimbo. Wananchi wa mji mdogo wa SeaTac walipiga kura ya dola 15 mwaka 2013, na baraza la jiji la Seattle likafuata mwaka 2014. Mwaka 2015 bodi maalumu ya jimbo la New York iliamua ujira wa migahawa ya vyakula vya haraka upandishwe hatua kwa hatua hadi dola 15. California, kwa sheria iliyotiwa saini Septemba 2023, iliunda pia baraza la sekta hiyo lenye wajumbe wa waajiri na wa wafanyakazi. Msomaji wa Tanzania ataona kwamba utaratibu huu si mgeni kwake, kwa kuwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 nayo iliweka bodi za mishahara kwa sekta mbalimbali.

Je, wanaopinga wana hoja? Wanayo, na si haki kuwachukulia wote kuwa watu wasio na huruma. Migahawa mingi humilikiwa na wafanyabiashara wa kawaida wanaotumia jina la kampuni kubwa kwa mkataba, na faida yao si kubwa. Wanasema kwamba ujira ukipanda, watapandisha bei, watapunguza saa za kazi, au wataweka mashine mahali pa watu. Na wa kwanza kuumia atakuwa kijana asiye na ujuzi.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa bidii. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05, huku jirani yake Pennsylvania ikibaki pale pale. David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa 410 ya pande zote mbili, na mwaka 1994 wakatangaza kwamba hawakuona ajira ikipungua New Jersey. David Neumark na William Wascher waliupinga utafiti huo kwa kutumia kumbukumbu za malipo. Mwaka 2019 ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba kima cha dola 15 kwa nchi nzima kingewapandishia ujira watu milioni 17, kingewatoa watu milioni 1.3 katika umaskini, na huenda kingewaondolea kazi watu milioni 1.3. Juu ya California nako, watafiti wa Berkeley hawakuona ajira ikipungua, lakini utafiti mwingine wa mwaka 2025 ulikadiria upungufu wa nafasi zipatazo 18,000. Kwa hiyo yeyote asemaye mimbarani kwamba jambo hili halina gharama, na yeyote asemaye kwamba litaleta maangamizi, wote wawili wamesema zaidi ya wanachokijua.

Kutafakari kwa kitheolojia

Wahubiri wengi hukimbilia mfano wa vibarua katika shamba la mizabibu (Mathayo 20:1–16). Ni vema tuwe waangalifu. Mfano huo unatangaza neema: Mungu hutoa pasipo kuhesabu stahili zetu. Tukiugeuza kuwa sheria ya mishahara, tunaipoteza Injili, wala hatupati sheria nzuri, kwa maana hakuna nchi iwezayo kuamuru saa moja ilipwe sawa na kutwa nzima. Walutheri tumefundishwa kutochanganya Sheria na Injili, na hapa fundisho hilo lina kazi ya kufanya.

Lakini kutochanganya si kunyamaza. Sheria ya Mungu yenyewe imenena juu ya ujira pasipo mafumbo. Kumbukumbu la Torati 24:14–15 inaamuru kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake unautegemea ujira huo, awe ndugu au mgeni. Yeremia 22:13 inamlaani mfalme ajengaye jumba kwa kazi isiyolipwa. Yakobo 5:4 inasema kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Katika mafungu haya ujira hautazamwi kama bei ya bidhaa. Nyuma yake kuna mtu, na nyuma ya mtu yuko Mungu amsikilizaye.

Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anaieleza amri ya saba kwa namna inayogusa pande zote mbili. Mtumishi mvivu anayeharibu mali ya bwana wake anaiba. Na mkubwa anayewabana wanyonge kwa njia inayoonekana halali anaiba zaidi, ingawa huketi kitini kwa heshima. Tena anapofafanua ombi la nne la Sala ya Bwana, anapendekeza kwamba nembo ya mtawala mwema ingefaa kuwekwa mkate kuliko simba, ili akumbuke kwamba kwa wadhifa wake watu hulindwa na kulishwa. Kwa hiyo kuweka kima cha chini ni jambo la utawala wa kidunia, linaloamuliwa kwa akili, vipimo na majadiliano. Lakini utawala huo nao ni wa Mungu, na una wajibu wa mkate. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliifuata njia hii mwaka 1999 katika tamko lake juu ya maisha ya kiuchumi, lilipotaka watu wote wapate riziki ya kutosha na ya kudumu.

Kumbukeni pia hoja ya Jaji Hughes. Mwaka 2013 watafiti wa Berkeley walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za wafanyakazi wa kawaida wa migahawa ile zilikuwa zikipokea msaada wa serikali. Pengo la ujira lilikuwa likilipwa na wengine. Ujira mdogo una gharama pia, ila haiandikwi kwenye daftari la mwajiri.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha unyenyekevu na ujasiri. Unyenyekevu, kwa sababu kiasi gani kilipwe, wapi, na kwa hatua zipi, ni mambo ambayo Wakristo wenye nia njema wanaweza kutofautiana. Ujasiri, kwa sababu kila mara sheria ilipoboreshwa, kwanza alisimama mtu wa chini na kukataa kuhesabiwa kuwa bidhaa: mtumishi wa hoteli, mzoa taka, mkaanga viazi.

Tena hukumu huanzia katika nyumba ya Mungu. Sharika zetu nazo ni waajiri. Zina wainjilisti, walimu wa chekechea, walinzi wa usiku, wafagizi na wapishi wa vituo. Mara nyingi ujira wao huitwa posho, na ucheleweshaji wake huitwa uvumilivu wa kiroho. Wito wa mtu haumwondolei njaa, wala sadaka haipaswi kutolewa na yeye peke yake kwa niaba ya usharika mzima. Baraza la wazee linapokaa kupitisha bajeti ya mwaka, na lianze na jedwali la mishahara kabla ya jedwali la ujenzi, na liulize juu ya kila jina: je, mtu huyu, kwa fedha hizi, anaweza kuiomba Sala ya Bwana na nyumba yake, na kuliona ombi la nne likijibiwa kwa mikono yetu?