Shangingi lenye betri: miaka 75 ya gari lisiloshuka bei

Mwaka huu wa 2026 Toyota Land Cruiser inatimiza miaka 75, na sherehe zinaikuta imebadilika tumboni. Nchini Marekani haiuzwi tena bila mota ya umeme. Ndugu yake wa kifahari, Lexus LX, tangu mwaka 2024 ana toleo lenye injini ya petroli na mota ya umeme ndani ya gari moja, yaani haibridi. Kwa msomaji wa Arusha, Mombasa au Kampala habari hiyo inazaa swali moja, lile ambalo mnunuzi mwenye akili hujiuliza kabla hata ya kufungua boneti: nikija kuliuza baada ya miaka kumi, nitapata ngapi?

Jibu linahitaji historia, maana bei ya Land Cruiser iliyotumika haikupanda kwa bahati. Ilijengwa, na walioijenga si wahandisi wa Japani peke yao.

Zabuni iliyopotea

Kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni yenyewe, ambazo makala haya yamezitegemea sana, gari hili ni mtoto wa vita. Juni 1950 vita vililipuka Korea. Jeshi la Marekani lililokuwa Japani, pamoja na Polisi wa Akiba walioundwa mwaka huohuo, walitaka magari madogo ya kupanda milima, mfano wa Jeep ya Willys. Januari 1951 Toyota ikakamilisha gari lake la majaribio, BJ. Ndani yake ilipachikwa injini ya lori: petroli, silinda sita, lita 3.4, nguvu za farasi 85. Injini hiyo ilivuta kiasi kwamba wahandisi hawakuona haja ya kuongeza gia ya chini ya mlimani.

Polisi wa Akiba hawakushawishika. Wakachagua Jeep ya Willys, ambayo baadaye Mitsubishi ilikuja kuiunda kwa leseni, na Toyota ikabaki na gari lisilo na mteja.

Ndipo Julai 1951 dereva wa majaribio Ichiro Taira alipolielekeza BJ kwenye Mlima Fuji. Njia ya mahujaji wa mlima huo imegawanywa katika vituo kumi, na hakuna gari lililokuwa limefika kituo cha sita. Taira alifika, maofisa wa polisi ya taifa wakishuhudia. Hawakusubiri kubembelezwa, waliagiza magari 289.

Ugomvi ukahamia kwenye jina. Gari liliitwa Toyota Jeep BJ, na Willys, wenye jina lao, wakapinga. Mwaka 1954 mkurugenzi wa ufundi Hanji Umehara akaamua kutafuta jingine. Uingereza ilikuwa na Land Rover tangu 1948, naye akataka jina ambalo likitajwa mbele ya hilo halitaonekana dogo. Akachagua Land Cruiser.

Zama za Land Rover

Yaliyofuata wengi wanayajua: toleo la 40 mwaka 1960, la 70 mwaka 1984, kisha la 80 na la 100, la 200 mwaka 2007 na la 300 mwaka 2021. Agosti 2019 idadi ya zilizouzwa duniani ilitimia milioni 10.

Afrika Mashariki, hata hivyo, ilianza kuwa ya Land Rover. Bwana shamba, bwana nyama na padri wa misheni wote walipanda gari hilo, na mapenzi hayajaisha: Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo.

Fundi mmoja mkongwe wa Unga Limited, Arusha, ambaye hakutaka jina lake liandikwe, alianza kazi akiwa utingo chini ya Land Rover 109. Kwa maelezo yake, Land Cruiser haikushinda kwa mbio wala kwa starehe. Ilishinda kwa kurudi nyumbani. Kampuni ya utalii ikipeleka magari matano Serengeti ilitaka yarudi matano, na Land Cruiser ndiyo iliyopunguza safari za kwenda kuvuta gari porini.

Ukimpa nafasi, mzee huyo hatasifia bodi. Atakupeleka moja kwa moja kwenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, iliyotoka mwaka 1990. Haina tabo wala kompyuta ya kuiamuru. Pampu yake hupeleka dizeli kwa nguvu ya mitambo mitupu, kwa hiyo mafuta machafu ya kwenye pipa yataitia moshi tu, hayatailaza barabarani. Ikigoma, fundi wa Mto wa Mbu atailegeza nozeli moja baada ya nyingine huku injini ikiunguruma, na ile ambayo ikilegezwa mlio haubadiliki ndiyo mbovu. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo bei ilipozaliwa. Anayenunua Land Cruiser ya paa gumu, yaani hardtop, ya miaka ishirini, yenye mkonga wa kuvutia hewa na bodi lililorefushwa Arusha kwa ajili ya watalii, ananunua chuma pamoja na uhakika kwamba kila mji una anayeijua na kila duka la spea lina kipuri chake. Uhakika huo ndio unaolipiwa.

Mashangingi, jina la mitaani la magari haya, nayo yakaleta maneno. Kenya mwaka 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza mawaziri waachane na magari makubwa na kupanda yasiyozidi cc 1,800. Zikanunuliwa Volkswagen Passat zaidi ya mia moja, baadhi ya mawaziri wakanuna, na miaka michache baadaye magari makubwa yakarudi barabarani. Tanzania, katika bajeti ya mwaka 2022, Bunge lilielezwa kwamba magari ya Serikali yanakula zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka, kuanzia kuyanunua hadi mafuta na matengenezo. Mjadala ukachemka, kisha ukapoa.

Kiapo cha kutouza

Kisa kinachoonyesha thamani ya gari hili kuliko takwimu yoyote kilitokea kwao, Japani.

Toleo la 300 lilipoanza kuuzwa huko Agosti 2021, bei ya kiwandani ilikuwa kati ya yeni milioni 5.1 na milioni 8. Maagizo yakafurika. Kulikuwa na uhaba wa chipu za kompyuta, viwanda vilikuwa vikisuasua kwa UVIKO-19, na Januari 2022 kampuni ikatangaza kwamba anayeagiza wakati huo huenda akasubiri miaka minne. Katikati ya mwaka huo maagizo mapya yakasimamishwa kabisa.

Palipo na foleni hapakosi mlanguzi. Aliyebahatika kukabidhiwa gari jipya aliweza kulipeleka yadi ya mitumba siku hiyohiyo na kupata zaidi ya alicholipa. Kampuni ikachukua hatua ambayo muuza magari wa Ilala angeicheka: kabla ya kununua, mteja alitakiwa kutia saini ahadi kwamba hataliuza gari lake ndani ya mwaka mmoja tangu kulisajili. Mawakala nao walionywa kwamba wakishirikiana na walanguzi wataadhibiwa.

Sababu iliyotajwa haikuwa faida peke yake. Toyota ilisema magari yakitoroshwa nje ya nchi kiholela, sheria ya biashara ya nje inaweza kuvunjwa na usalama wa dunia ukaingia hatarini. Aliyesoma historia alielewa. Vita vya Chad na Libya vya mwaka 1987 viliitwa Vita vya Toyota, kwa sababu ya pikapu ambazo wapiganaji wa Chad walizitumia kuvishinda vifaru. Na mwaka 2015 Wizara ya Fedha ya Marekani iliiuliza kampuni hiyo jinsi kundi la Dola la Kiislamu lilivyopata Toyota nyingi namna ile kwenye video zake.

Kwa hiyo kuna gari duniani ambalo mwenye kiwanda anakuomba usiliuze, kwa kuwa anajua ukiliuza utapata faida, na anajua kuwa mnunuzi wa tatu au wa nne atalipeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hathubutu kufungua duka. Kiwanda kingine kingelipia matangazo ili kisemwe hivyo.

Betri inaingia

Toyota si mgeni wa haibridi. Prius ilitoka Desemba 1997, Harrier ya haibridi ikafuata mwaka 2005. Lakini Land Cruiser iliachwa kando kwa miaka mingi. Ilipoondolewa Marekani baada ya toleo la mwaka 2021 ilikuwa bado na injini ya V8 ya lita 5.7. Iliporudi mwaka 2024 ilikuja na injini ya silinda nne ya lita 2.4 yenye tabo, mota ya umeme, na nguvu za farasi 326 kwa jumla. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, V8 ilikuwa ikienda kama kilomita 6 kwa lita. Hii inakaribia 10.

Gharama yake imejificha nyuma ya kiti. Betri imeinua sakafu ya sehemu ya mizigo, na toleo hilo la Marekani halina viti vya safu ya tatu.

Lexus LX ya haibridi inaonyesha kwamba wahandisi wanaijua hofu ya wateja wao. Kwa kawaida mfumo wa haibridi wa Toyota hutupilia mbali stata na altaneta, maana kazi zake hufanywa na mota. Kwenye LX vyote viwili vimerudishwa. Mfumo wa umeme ukifa porini, injini inawaka kwa stata na gari linajikokota hadi mjini. Betri nayo imefungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji, ili gari liendelee kuvuka kina cha sentimita 70. Kurudi nyumbani, jambo lilelile analolisema mzee wa Unga Limited.

Si kila mtengenezaji amepita salama. Jeep Wrangler ya kuchomeka kwenye umeme, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2021 ikiwa na betri kubwa karibu mara tisa kuliko ya Land Cruiser ya haibridi, iliuzwa kwa kasi. Kisha wamiliki wakaanza kuambiwa wasiichaji na waiegeshe mbali na majengo, kwa hofu ya moto. Mwaka 2024 mwito huo ulihusu Jeep za aina hiyo zaidi ya 150,000 nchini humo, na Novemba 2025 zaidi ya 300,000. Hakuna mnunuzi wa mkono wa pili anayesikia habari kama hiyo akaongeza dau.

Vumbi letu

Kwetu adui wa betri ni vumbi. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, kwa mfano, ni vipande 28 vilivyofungwa mfululizo, vyote pamoja vikitoa volti kama 200. Kipande kimoja kikilegea kinaziangusha nguvu za vyote, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, na mwenye gari anaambiwa betri nzima imekufa. Mara nyingi haijafa. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu dogo pembeni ya kiti cha nyuma. Tundu likijaa vumbi, au abiria akilifunika kwa begi, joto hupanda na vipande vya katikati huchoka kwanza. Fundi anayejua hufungua feni, huipuliza, hupima kipande kimoja kimoja kwa mita, na hubadilisha kile kibovu. Asiyejua hukwambia uuze gari haraka kabla halijakufia.

Mzee wetu anakiri kwamba yeye mwenyewe haugusi waya wa rangi ya chungwa, ule wa umeme mkubwa, na vijana wawili watatu wenye ujuzi huo ndio anaowapelekea kazi. Kwa hesabu yake, hofu ya fundi ndiyo inayokata bei ya haibridi mikononi mwa dalali, kuliko ubovu wa gari lenyewe.

Sheria zetu zinaongeza uzito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila lililovuka umri huo hutozwa ushuru wa uchakavu, na likivuka kumi ushuru hupanda. Marekani Toyota huidhamini betri ya haibridi kwa miaka 10 au maili 150,000, yaani kama kilomita 240,000, lakini dhamana hiyo haipandi meli pamoja na gari. Maana yake, haibridi nyingi zitatufikia betri zikianza uzee, na uzee huo utakuwa mzigo wetu.

Tulijenga bei ya 1HZ wenyewe, gereji kwa gereji, kwa muda wa miaka thelathini, bila mtu kutupangia. Ya haibridi haitajijenga vivyo hivyo, kwa sababu umeme wa volti 200 hausomwi kwa sikio na ukikosea hausamehe. Unataka darasa, glovu za mpira na kipimo. Mnunuzi mkubwa wa mashangingi katika nchi hizi ni Serikali, na zabuni yake ya kwanza ya magari ya betri ndiyo mahali pa kudai mafunzo kwa mafundi wa TEMESA, wakala wa Serikali ya Tanzania unaotengeneza magari yake, na wa mitaani, pamoja na vipande vya betri vya akiba. Ikinunua magari matupu, itakuja kuyapiga mnada kwa bei ya chuma chakavu, na lawama zote zitaangukia betri.