Dumu la Maji la Horohoro



Nilipofika Horohoro mara ya mwisho ilikuwa yapata saa saba ya mchana na jua lilikuwa kali. Kutoka Tanga mjini hadi pale mpakani ni kilomita 65 za lami, na ng'ambo yake ni Lungalunga ya Kenya. Dereva wetu alikuwa akihangaika na karatasi zake kwenye ofisi za forodha, nami nikaingia kibandani kwa bibi mmoja muuza chai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikaomba maji ya kunywa. Bibi akamimina kutoka kwenye dumu la lita 20, akanusa kikombe, akakunja uso na kuyamwaga nje. "Ngoja mwanangu," akasema. "Hili lina harufu ya dizeli. Kijana wa baiskeli kaniletea dumu lisilo langu." Akafungua dumu la pili, akanusa tena, ndipo akanipa. Yalikuwa na chumvi kidogo, kama yalivyo maji ya visima vingi vya pwani yetu. Nikayanywa, nikashukuru.

Lakini tangu siku ile jambo hilo halijanitoka moyoni. Kati yangu na dizeli ile palikuwa na maabara moja tu, nayo ni pua ya bibi. Je, angekuwa na mafua? Na vipi vile ambavyo pua haiwezi kuvinusa?

Ndugu msikilizaji, historia ya maji ya kunywa katika pwani hii ni ndefu, na tukiifuata vizuri tutaona kwamba kila zama walitengeneza kipande kimoja cha safari ya maji na kukisahau kingine.

Tuanzie mwaka 1869. Mwaka huo kipindupindu kilishuka kutoka bara pamoja na misafara iliyopita nchi ya Wamasai, kikafika Pangani, na kutoka Pangani kikavuka bahari kwa vyombo hadi Unguja, ambako kiliua maelfu ya watu. Tunazijua habari hizi kwa sababu James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, aliuliza wasafiri na manahodha, akaifuata njia ya ugonjwa kituo kwa kituo, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Wengi siku zile, hata madaktari wa Ulaya, waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. John Snow alikwisha kuonyesha mjini London mwaka 1854 kwamba waliokuwa wakifa walichota maji kwenye pampu moja ya mtaa wa Broad Street, ila wasomi wengi hawakumsadiki upesi.

Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta maji ya chemchemi mjini kwa mfereji. Huku Mrima watu waliendelea na visima vyao, mito yao na mitungi yao.

Kisha ukaja mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi kwa mstari unaoanzia baharini, kwenye mdomo wa Mto Umba, ukapanda hadi Ziwa Nyanza kwa kuuzunguka Kilimanjaro. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, hupita Tanzania, na humwaga maji yake baharini upande wa Kenya, karibu na Vanga. Waliochora mstari ule walitumia mdomo wa mto kama alama ya ramani tu. Hawakumwuliza Mdigo yeyote anachota wapi maji. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta katika nchi mbili, ilhali mto ukaendelea kupita bila kugonga mhuri. Na kipindupindu nacho, kama tujuavyo, hakina pasi ya kusafiria.

Zama hizo hizo kikaja chombo kipya. Mafuta ya taa yaliletwa na meli katika makopo ya bati ya galoni nne, nayo yakiisha kopo halikutupwa. Likawa debe. Tukapimia mahindi, tukachotea maji, tukaezekea vibanda. Baadaye wakati wa Vita Kuu ya Pili likaja dumu la chuma la lita 20, ambalo asili yake ni jeshi la Wajerumani, na baada yake dumu la plastiki la mafuta ya kupikia. Angalia basi, msikilizaji: kwa zaidi ya miaka mia moja chombo cha maji cha mtu wa kawaida kimekuwa ni chombo kilichokwisha kubeba kitu kingine. Mtungi wa udongo wa bibi zetu ulifinyangwa kwa ajili ya maji. Debe na dumu vilifika kwetu vikiwa na historia yao.

Baada ya Uhuru, serikali ililibeba suala la maji kwa nguvu. Mwaka 1971 ulitangazwa mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa, wananchi wakajitolea. Lakini dizeli ya mashine ikawa ghali, vipuri vikakosekana, na mabomba mengi yakanyamaza. Mwaka 1991 ulipowadia ahadi haikuwa imetimia, na sera ya maji ya mwaka huo ikaanza kumtaka mwananchi achangie gharama.

Katikati ya juhudi zile, mwaka 1973, redio ilifanya kazi ambayo sisi watangazaji tunaionea fahari hadi leo. Ilikuwa ni kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza matangazo, wakasoma vitabu, wakajadili malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha njia za visima. Mama yangu alikuwa msichana katika kikundi kimojawapo. Tangu siku zile hakunywa maji yasiyochemshwa, wala sisi wanawe hatukuthubutu.

Hata hivyo, kipindupindu kilibisha hodi Tanzania mwaka 1974, na kuanzia mwaka 1977 kikawa mgeni asiyeondoka. Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Magari yalizuiwa, lakini ugonjwa uliendelea kuzisumbua nchi zote mbili. Mwaka 1997 Tanzania iliandikisha wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,200. Mwaka 2015 ulianza mlipuko mwingine mkubwa, safari hii kutoka Dar es Salaam.

Sasa niruhusuni niseme la nyumbani kwetu.

Mwaka 1986 mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka miwili. Mama alikuwa amefanya yote aliyofundishwa na redio: choo kilikuwepo, maji yamechemshwa, mtungi umefunikwa kwa sinia na kata yake imetundikwa. Pembeni ya mtungi, chini, palikuwa na chupa ya soda yenye mafuta ya taa ya koroboi. Mtoto alikuwa na kiu. Alimwona mama akinywa pale kila siku, akaenda pale pale, akainua chupa.

Majirani walikimbilia kumtapisha, wakamnywesha maziwa. Walifanya kwa mapenzi, kumbe kumtapisha ndiko kulikomwongezea hatari, kwa kuwa mafuta yanaporudi huingia kwenye mapafu. Alilazwa siku 11. Alipona, na leo ni baba wa watoto. Lakini nakumbuka mama akikaa kwenye kigoda, akirudia neno moja: "Mbona hawakusema?" Alikuwa na maana ya redio. Kipindupindu walisema, kichocho walisema, safura walisema. Chupa ya mafuta ya taa kando ya maji ya kunywa hakuambiwa na mtu.

Neno lile ndilo lililonirudia pale Horohoro. Mtaalamu wa maji hushughulika na chanzo na bomba. Bwana afya hushughulika na choo na vijidudu. Ajali ya mtoto nyumbani haina mwenyewe. Lakini kwa yule bibi muuza chai mambo hayo matatu yamo katika chumba kimoja, na pengine katika dumu moja.

Leo tunayo Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mamlaka ya maji ya Tanga, inayotegemea Mto Zigi na bwawa la Mabayani, mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma. Hayo ni mambo ya kupongezwa. Lakini wataalamu wamekwisha kuonyesha, katika nchi nyingi, kwamba maji yanayotoka safi bombani mara nyingi huchafuka njiani na nyumbani: kwenye chombo, kwenye kikombe, kwenye mkono unaochota. Kipande cha mwisho cha bomba ni nyumba yako, na hapo hakuna fundi wa mamlaka.

Basi tufanyeje? Dumu lililobeba mafuta, dawa ya mimea au kemikali yoyote lisirudi kamwe kwenye maji ya kunywa, hata likioshwa mara saba. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu ya dumu wala chumvi ya kisima. Maji meupe si lazima yawe maji safi. Wewe mwenye kuuza maji, tia alama madumu yako ya kunywa, na mteja adai alama hiyo. Kisima kiwe na mfuniko, maana mtoto mdogo hahitaji maji mengi ili azame. Hata ndoo humtosha. Mafuta ya taa na dawa za kufulia visikae kwenye chupa za soda, wala karibu na maji. Na mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Sisi wa redio mwaka 1973 tulisema mengi na tulisema vizuri, ila hilo moja lilitupita, na mama yangu akatuuliza. Nimechelewa kumjibu, lakini leo nimesema.

Nikipita tena Horohoro nitamchukulia yule bibi dumu jipya lenye mfuniko wake, lisilowahi kubeba kitu. Nawe ukitoka hapo ulipo, nenda kalinuse la kwako.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.