Dansi katika tamthilia za kihistoria za televisheni
Dansi ya ukumbini hutumiwa na tamthilia za kihistoria kufichua mapenzi ya wahusika ambao adabu za zama zao ziliwanyima faragha.

Mfano ulio bora ni Pride and Prejudice ya BBC (1995), aliyoiandika Andrew Davies kutokana na riwaya ya Jane Austen ya 1813. Katika dansi ya jumba la Netherfield, Elizabeth (Jennifer Ehle) na Darcy (Colin Firth) wanakutana, wanapishana, wanazungukana. Wakikaribiana hurushiana maneno makali, huku macho yakisema mengine. Muziki ni wa karne ya 17, mkongwe kuliko hadithi yenyewe, lakini mwendo wake wa taratibu unawapa nafasi ya kugombana.

Tamthilia ya Bridgerton (2020) haina subira hiyo: wahusika wake Daphne na Simon wanacheza kuihadaa jamii kwamba wanapendana, kisha hila inageuka penzi.