Mfumo Usiochakachuliwa: Simu Janja, Nafasi na Msimu wa Korosho Kusini

Simu janja nyingi zinazouzwa Tanzania huendeshwa na Android, ambayo ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia kumbukumbu, kioo, kamera na laini na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Lakini Android anayoikuta mnunuzi anapofungua boksi ni mara chache huwa ile ile iliyotoka kwa waandishi wake. Katikati hukaa mtengenezaji wa simu, ambaye huongeza juu yake tabaka la sura, vitufe na programu zake, baadhi zikiwa na manufaa na baadhi zikiwekwa kwa kuwa kuna aliyelipa ziwekwe. Mvuto wa mfumo usiochakachuliwa umetokana na hamu ya kulikwepa tabaka hilo, na katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hamu hiyo ina sababu zake, kwa kuwa huko usafi wa mfumo unahusu nafasi na bando kuliko unavyohusu ladha ya macho.

Android ilianzishwa na kampuni ndogo huko California mwaka 2003, ikanunuliwa na Google mwaka 2005, ikatangazwa rasmi Novemba 2007, na simu ya kwanza kuitumia, HTC Dream, ikaingia sokoni mwaka 2008. Msimbo wake, yaani maandishi ya kitaalamu yanayoujenga mfumo, ulitolewa kwa leseni huria inayomruhusu yeyote kuuchukua na kuubadili bila malipo, na ruhusa hiyo ndiyo iliyoifanya ienee haraka na ndiyo pia iliyoifanya ichakachuliwe haraka. Kufikia mwaka 2010 HTC, Samsung na Xiaomi kila moja ilikuwa na tabaka lake, huku Google yenyewe ikitoa simu ya Nexus One mnamo Januari mwaka huo ili kuonesha mfumo ulivyo bila nyongeza, na wapenzi wa teknolojia wakipakia CyanogenMod, toleo lililotengenezwa na watu wa kujitolea, ili kuyafuta matabaka ya kiwandani. Huko Ulaya na Marekani hoja ilikuwa kwamba mfumo mtupu hupata masasisho mapema na haumchoshi mtumiaji. Ilikuwa hoja ya watu wenye kumbukumbu ya kutosha na intaneti isiyopimwa kwa megabaiti.

Nachingwea na Ruangwa ya miaka hiyo ilikuwa bado ya kitochi, simu ya batani iliyotosha kupiga, kutuma ujumbe na, baada ya Vodacom kuleta M-Pesa nchini Aprili 2008, kupokea fedha. Kilichoiandaa njia ya simu janja, kwa sehemu kubwa, ni korosho. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye zao hilo msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, mzigo hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada unaosimamiwa na chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, kisha malipo humfikia kwa mkupuo. Fedha inayokuja kwa mkupuo hununua vitu vya mkupuo, bati, pikipiki, simu. Na simu iliyonunuliwa Novemba hutarajiwa ifike angalau Novemba nyingine ikiwa bado inafanya kazi.

Simu hizo, zilizopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kariakoo kabla ya kushuka kusini, zilikuwa kwa wingi za Tecno, itel na Infinix, chapa tatu za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006 ikiilenga Afrika karibu tangu mwanzo. Haitakuwa haki kuzisimulia kama wakosaji tu. Kampuni hiyo ilielewa mapema kwamba mtu anayeishi mahali ambapo mtandao mmoja hushika na mwingine hupotea anahitaji laini mbili, kwamba penye umeme wa kubahatisha betri kubwa ni bora kuliko wembamba wa simu, na kwamba kamera iliyopimwa kwa ngozi nyeupe humgeuza Mmwera, mwenyeji wa wilaya hizi, kivuli. Mambo hayo hayamo katika Android tupu. Aliyeyaleta ndiye yule yule aliyeleta tabaka.

Tatizo la tabaka huonekana wazi zaidi ndani ya simu ya bei ya chini kuliko katika ya bei ghali. Simu yenye hifadhi ya GB 8, iliyokuwa ya kawaida sana katikati ya miaka ya 2010, humwachia mwenyewe karibu nusu yake, na wakati mwingine pungufu, kwa kuwa sehemu iliyobaki imekaliwa na mfumo na programu za kiwandani. Programu hizo huwekwa katika eneo la kumbukumbu lililofungwa ambalo mtumiaji hana ruhusa ya kuliandika upya, na ndiyo maana anayeingia kwenye Mipangilio na kulifungua duka la programu la mtengenezaji au mchezo asiouomba hukuta kitufe cha Zima mahali ambapo programu nyingine zina cha Sanidua. Kuzima huinyamazisha programu bila kuirudisha nafasi yake. Isipozimwa hujisasisha, na sasisho halikai katika eneo lililofungwa, hukaa katika nafasi ya mwenye simu, likiwa limeshushwa kwa bando lake. Hapo ndipo picha za harusi na sauti za kundi la WhatsApp la chama cha msingi huanza kugombea megabaiti na programu ambayo hakuna mtu nyumbani anayejua kazi yake, mpaka simu inaanza kuganda.

Dawa ya kwanza iliyotangazwa kwa ajili ya masoko ya namna hii iliitwa Android One, mpango ambao Google iliuzindua India Septemba 2014, ukiwataka watengenezaji kutoa simu nafuu zenye mfumo usioguswa ambao masasisho yake yangesimamiwa na Google. Agosti 2015 mpango uliingia Afrika kupitia Infinix Hot 2, simu ya takriban dola 88 iliyouzwa katika nchi sita, Kenya ikiwemo na Tanzania ikiachwa. Iliyoleta simu safi ya kwanza ya mpango huo Afrika Mashariki ilikuwa, ajabu ni hiyo, chapa ya Transsion; na simu za Hot zilizofuata zikarudi kwenye tabaka la kampuni, ambalo hatimaye liliitwa XOS.

Tanzania wakati huo ilikuwa na kazi ya kusafisha ya aina nyingine. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu zenye IMEI bandia, IMEI ikiwa namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha kila simu, ambayo mwananchi aliweza kuipata kwa kubonyeza *#06# na kuihakiki kwa kuituma 15090. Uamuzi huo uligusa pia ndoto ya kujisafishia simu, kwa sababu njia inayojulikana zaidi vibandani ni kuflashi, yaani kufuta mfumo mzima kwa kompyuta na kuandika mwingine, na kwa simu nyingi za bei nafuu kuflashi ovyo hufuta IMEI. Fundi akiiacha hivyo, simu haitambuliki. Akiiandika nyingine, anaangukia katika kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 2010.

Mwishoni mwa 2017 Google ilitoa Android Go, toleo lililopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya papo kwa papo, ya GB 1 au chini, na mwaka 2018 Nokia 1 ikalitumia bila tabaka lolote. Mwaka 2019 Vodacom ikaja na Smart Kitochi, simu ya batani yenye mfumo wa KaiOS, iliyomfikisha mtu WhatsApp bila kioo cha kugusa. Lakini Go haikuwa kiapo cha usafi, kwa kuwa watengenezaji waliruhusiwa kuitandika matabaka yao, na simu za bei ya chini za Tecno zikaja na HiOS, tabaka la Tecno, iliyokondeshwa badala ya Android tupu.

Januari 2020 mashirika zaidi ya 50, yakiongozwa na Privacy International, yaliiandikia Google barua ya wazi yakidai kwamba faragha haipaswi kuwa anasa ya wanaomudu simu ghali, na kwamba kila mtumiaji apewe uwezo wa kuziondoa kabisa programu za kiwandani. Agosti mwaka huo watafiti wa Secure-D walieleza kuwa simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Ethiopia ikiwemo, zilitoka dukani zikiwa na programu hasidi zilizokula data za wenyewe na kuwaandikisha kwenye huduma za kulipia. Transsion ilimlaumu msambazaji mmoja katika mnyororo wake wa ugavi na kusema marekebisho yalikwishatolewa.

Hata hivyo mfumo unaoitwa safi nao una mwenyewe. Julai 2018 Umoja wa Ulaya uliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, sababu mojawapo ikiwa kuwalazimisha watengenezaji kuweka programu zake. Na mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa na Safaricom na Google nchini Kenya mwaka 2020 kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku, ulitumia simu za Go zinazojifunga mteja asipolipa.

Kwa mnunuzi wa Ruangwa mizania bado inaamuliwa na bei. Kodi ya ongezeko la thamani iliyoondolewa kwenye simu janja katika bajeti ya 2021/22 ilirudishwa katika ile ya 2022/23, na programu inayolipiwa ili iwekwe kiwandani ni miongoni mwa vinavyomwezesha mtengenezaji kuishusha bei ya boksi. Punguzo hilo mnunuzi hulipata siku moja, akiwa na fedha ya korosho mkononi. Gharama yake huilipa vocha kwa vocha hadi msimu mwingine, mara nyingi bila kujua kuwa anailipa.