Vipande Ishirini na Vinne

Nilikosea hesabu mbele ya mzee, tena hesabu ya shule ya msingi. Nilikuwa Hanga, kwenye baraza ya nyumba yake, nikikusanya kumbukumbu za watu wa Ungoni waliokwenda kukata mkonge Tanga enzi za Mwingereza. (Wengi bado tunasema Hanga ya Songea, ingawa kiserikali siku hizi iko wilaya ya Namtumbo.) Nilimuuliza baba yake alikaa huko muda gani. Akajibu, "Vipande ishirini na vinne." Nikaandika kwenye daftari: miaka miwili.

"Umeandika nini hapo, mjukuu wangu?"

Nikamsomea. Akacheka mpaka akakohoa. "Kipande si mwezi."

Kipande ilikuwa kadi ya kazi. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, kadi ilitiwa alama. Alama zikitimia 30, kipande kimekwisha, na hapo ndipo ujira unapohesabiwa. Jumapili haikuwa na alama. Siku ya homa vilevile. Siku uliyoshindwa kutimiza mafungu yako ya mkonge, jasho lako lilikwenda bure. Kwa mtu mwenye afya, asiyekosa hata siku moja, kipande kilichukua wiki tano. Kwa mtu wa kawaida, anayeumwa na kuchoka kama sisi, wiki sita au zaidi. Tangu 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyofuata watu mpaka mikoa ya mbali kama huku kwetu. Walioajiriwa hivyo waliitwa manamba, kwa ile namba aliyopewa kila mmoja.

Tulipiga hesabu pamoja. Vipande 24 ni siku 720 za kazi. Ukiongeza Jumapili peke yake, unafika siku 840. Ukisema wiki sita kwa kila kipande, zinakuwa siku 1,008, na hapo hujaweka safari.

Kilichonikalisha kimya ni upande wa mama yake. Yeye aliambiwa mumewe amekwenda vipande ishirini na vinne, naye akahesabu mwezi wa angani, unaoandama na kufa. Ilipotimia ishirini na minne, akaanza kutazama barabarani. Baada ya hapo aliacha kuhesabu miezi, akahesabu mavuno. Yalipofika ya tatu, ndugu wa mumewe walikuwa wameshaanza kikao cha kumrithi. Mkataba wa shambani ulikuwa bado haujaisha. Nyumbani, mtu alikuwa ameshakufa.

"Aliondoka sijang'oka meno," mzee alisema, "akanikuta nachunga mbuzi."

Ruvuma mvua ina msimu mmoja, kwa hiyo mavuno matatu ni miaka mitatu bila ubishi. Si kila mahali hesabu hiyo inashika. Buganda, penye mvua mara mbili, neno *omwaka* zamani lilikuwa msimu wa kilimo, karibu miezi sita, na mtafiti asiyejua hilo angempa mtu umri mara mbili ya ule alionao. Pwani nako, mwaka wa Nairuzi, ambao Makunduchi bado wanaupokea kila Julai, ulihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Leo tumelichukua neno lilelile, *mwongo*, tukalipa miaka kumi. Neno lipo palepale, kilichomo ndani kimebadilishwa.

Tangu siku ile nimekuwa mkaidi kuhusu *masaa*. Mwalimu wangu wa Kiswahili alituchapa kwa neno hilo: wingi wa saa ni saa. Sawa. Lakini mtu akiniambia "nilifika saa mbili" na mwingine akaniambia "nilisubiri masaa mawili", nimeelewa bila kuuliza kwamba wa kwanza anataja wakati na wa pili anapima urefu wake. Watu walihitaji tofauti hiyo, wakajitengenezea. Kabla ya saa za ukutani tulikuwa na *kutwa* na *kucha*, maneno ambayo ndani yake jua linazama na alfajiri inaingia. Ukisema ulimngoja mtu kutwa kucha, hakuna atakayekuomba ubadilishe iwe dakika.

Chuoni niliombwa kufanya jambo la namna hiyo hiyo. Jedwali la tasnifu yangu lilikuwa na safu moja ya muda, kwa miaka. Sikuthubutu kuandika 2, na hata 2.8 niliiona ni uongo wenye nukta. Nikaigawa safu: upande mmoja vipande, kama alivyovisema mwenye kazi, upande wa pili mavuno, kama walivyoyahesabu waliobaki. Msimamizi wangu akauliza ipi ni sahihi. Nikamweleza habari ya kikao cha kumrithi yule mama. Akakaa kidogo, kisha akasema niongeze maelezo chini ya jedwali.

Jioni ile, kengele ya monasteri ikilia, nilifunga daftari na kumshukuru mzee. Akaniuliza nitakaa Hanga muda gani.

"Wiki mbili, babu."

"Za siku ngapi?"